Hudi ya mtindo wa zamani yenye nakshi za rangi: mbona sehemu ya nakshi inabana?

Mwanagenzi wa Sindano (Moshi)

Habari zenu ndugu wafumaji. Tangu mwezi wa nne ninamfumia mama yangu kofia aina ya hudi, yaani ile inayofunika kichwa, masikio na kisogo na kufungwa kwa kamba chini ya kidevu. Nataka aivae asubuhi anapokwenda misa ya kwanza huko Kibosho, kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba ukungu wa kule hauna mzaha, na mzula wa dukani humwacha shingo wazi. Maelekezo ninayoyafuata yako katika karatasi moja iliyokatwa kwa mkasi kutoka jarida la Kiingereza, ambayo niliikuta ndani ya kopo la vifungo la marehemu bibi. Haina mwaka wala jina la jarida, ila picha yake inaonyesha mwanamke aliyevaa hudi yenye ncha kisogoni, na mikanda mitatu ya nakshi inayopita juu ya kichwa kutoka shavu hadi shavu.

Karatasi inataka uzi mwembamba wa nyuzi nne zilizosokotwa pamoja, sindano namba 12 kwa ukingo na namba 10 kwa sehemu iliyobaki, na inasema vitanzi 7 vitoe inchi moja. Sindano nilizonazo zimeandikwa milimita. Muuza duka alinipa jozi ya milimita 3, akaniambia kwamba inatosha kwa kazi yote. Nilianzisha vitanzi 126, nikamaliza ukingo, nikafuma mistari kumi ya rangi moja, kisha nikaingia kwenye nakshi ya kwanza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sehemu ya rangi moja ina vitanzi 30 kwa kila sentimita 10, lakini sehemu ya nakshi ina vitanzi 34, na kipande kizima sasa kimebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Nimejaribu kukivuta kwa mikono na kukinyoosha juu ya meza usiku kucha, lakini asubuhi nilikikuta kimejikunja vilevile.

Niseme ukweli wote: sikuridhika na rangi mbili zilizoandikwa, kwa hiyo katika mistari minne nimeongeza uzi wa njano ili maua yang'ae. Naomba kujua mambo matatu. Namba 12 na namba 10 ni milimita ngapi? Tatizo langu ni sindano, mkono au hiyo njano? Na je, kuna namna ya kuokoa nilichokwisha kukifuma, au nifumue?

Kabati la Zamani (Arusha)

Dada, pole na kazi. Fumua. Ninalisema mapema ili usiendelee kukivuta kipande hicho usiku wa pili.

Tuanze na namba, kwa sababu wengi hukwama hapo. Karatasi yako inatumia namba za zamani za Uingereza, ambazo huenda kinyume na matarajio ya mtu wa leo: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Namba 12 ni milimita 2.75, namba 10 ni milimita 3.25, namba 9 ni milimita 3.75 na namba 8 ni milimita 4. Jihadhari usichanganye na namba za Marekani, ambako namba 10 ni sindano nene ya milimita 6. Ungeitumia hiyo, ungemfumia mama wavu wa kuvulia samaki.

Sasa tupige hesabu. Vitanzi 7 kwa inchi ni takriban vitanzi 28 kwa sentimita 10, kwa hiyo vitanzi 126 vilipaswa kutoa upana wa sentimita 45, kipimo cha kutosha kutoka chini ya shavu moja, kupita utosini, hadi chini ya shavu la pili. Wewe katika rangi moja umepata vitanzi 30, yaani sentimita 42. Sentimita hizo tatu zimeliwa na sindano ya milimita 3, na muuza duka abebe lawama yake. Katika nakshi umepata vitanzi 34, yaani sentimita 37. Hizo sentimita tano nyingine hazihusiani na muuza duka. Zimeliwa na nyuzi zinazopita nyuma ya kazi.

Mfumaji anapotumia rangi mbili katika mstari mmoja, uzi usiotumika hupita nyuma ya vitanzi hadi zamu yake ifike. Uzi huo ukiwa mfupi kuliko upana wa vitanzi unavyovivuka, huvivuta visogeleane, na hapo hakuna kunyoosha kutakakosaidia, kwa sababu urefu unaoutafuta haumo ndani ya kitambaa. Dawa yake ni hii: kila unapotaka kubadilisha rangi, kwanza vitawanye kwa kidole vitanzi ulivyokwisha kuvifuma kwenye sindano ya kulia hadi vikae kwa upana wake halisi, ndipo ulete rangi mpya. Uzi wa nyuma ulale bila kulegea sana na bila kukaza. Ukivuka vitanzi zaidi ya vitano, unase uzi huo katikati kwa kuuzungushia ule unaofuma, lakini usiunase mahali palepale katika mstari unaofuata, maana alama itaonekana upande wa mbele kama kovu.

Kuhusu njano, hapo umeenda kinyume na kanuni ya mtindo wenyewe. Nakshi za namna hii zinatoka Shetland, visiwa vilivyo kaskazini mwa Scotland, na hasa kisiwa kidogo kiitwacho Fair Isle, ambacho ndicho kilichoupa mtindo huu jina lake. Sweta ya huko inaweza kuwa na rangi nane au kumi, na mtu akadhani kila mstari umejaa rangi zote, kumbe katika mstari mmoja hazizidi mbili. Wafumaji wa kule hubadilisha rangi ya usuli au ya ua mstari kwa mstari, na macho ya mtazamaji ndiyo yanayozichanganya. Ukiweka rangi tatu kwa pamoja, unabeba nyuzi mbili nyuma badala ya mmoja, kitambaa kinakuwa kinene na kigumu, na mkono unakaza bila wewe kujua. Kama unaipenda njano, ipe mstari wa katikati ya ua peke yake, ichukue nafasi ya rangi ya ua katika mstari huo, kisha iondoke.

Jambo moja dogo ambalo watu hulipuuza: ukishaamua rangi ipi ipite chini na ipi ipite juu unapozibeba, usibadilishe katikati ya safari. Uzi unaopita chini hutoa vitanzi vikubwa kidogo, na rangi yake hujitokeza zaidi. Rangi ya ua ndiyo inayostahili kupita chini.

Na kwa kuwa umesema karatasi haina mwaka: siwezi kuipa tarehe bila kuiona, lakini hudi za ncha za namna hiyo zilivaliwa sana Uingereza katika miaka ya 1940. Mgao wa nguo ulianza huko mwezi wa sita mwaka 1941 na haukuisha hadi 1949, na uzi wa kufumia nao uliingia katika mgao huo, kwa hiyo kitu kidogo kinachoweza kumaliza mabaki ya rangi mbalimbali kilikuwa na thamani yake.

Mwanagenzi wa Sindano (Moshi)

Ahsante sana. Hesabu hiyo imenifungua macho, maana nilikuwa nimeshaanza kuulaumu uzi. Nimefumua usiku huu hadi kwenye ukingo, na ukingo nao nimeufumua. Je, nitumie milimita 3.25 kwa yote, au nakshi niipe sindano nene zaidi?

Kabati la Zamani (Arusha)

Fuma kwanza vipande viwili vya majaribio, kimoja cha rangi moja na kimoja cha nakshi, kila kimoja kiwe na vitanzi visivyopungua 40, uvioshe, uviache vikauke, ndipo uvipime katikati bila kugusa kingo. Wafumaji wengi hulazimika kupanda sindano moja wanapoingia kwenye nakshi, kwa mfano kutoka 3.25 hadi 3.75, kisha hurudi kwenye 3.25 nakshi inapokwisha. Pima pia mistari ya kurudi. Hudi hii inafumwa kwa kwenda na kurudi juu ya sindano mbili, na wakati wa kurudi unafuma vitanzi vya kinyume huku nyuzi zinazopita ziko mbele ya macho yako; wengi wetu mkono hubadilika hapo, na nakshi huonekana na mistari mipana na membamba kama ngazi.

Fundi wa Kiboriloni (Moshi)

Nami nichangie, ingawa riziki yangu ni cherehani na kufuma nimejifunza ukubwani. Hiyo adha ya kufuma nakshi kwa kurudi ina njia ya kuikwepa. Fuma hudi kama bomba kwa sindano ya mviringo, upande wa mbele ukikutazama wakati wote, na mahali ambapo uso utatokea uongeze vitanzi saba au vinane vya ziada ambavyo si sehemu ya vazi. Ukimaliza, unashona mistari miwili ya mshono mfupi kwa cherehani pande zote mbili za vitanzi hivyo, kisha unakata katikati yake kwa mkasi. Wafumaji wa Shetland hufungua sweta zao kwa kukata namna hiyo, na wengi wao hawahitaji hata cherehani, kwa sababu sufu ya kondoo wao ina magamba madogo yanayoshikana na kitanzi kilichokatwa hakikimbii.

Lakini sharti ulijue ni uzi gani ulio nao. Uzi mwingi wa madukani kwetu ni wa plastiki, na huo ni laini na unateleza. Ukiukata bila kushona kwa mishono ya karibu, utafumuka mbele ya macho yako. Chukua kipande kifupi ukichome juu ya sahani. Sufu hutoa harufu ya nywele zilizoungua na majivu yake hupukutika vidoleni. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Uzi wa namna hiyo usiupigie pasi kamwe, kwa sababu joto huua mnyumbuko wake, na hudi itakuwa kitambaa kilicholegea ambacho hakirudi tena.

Kama unataka sufu halisi kwa bei nafuu, nenda kwenye mitumba pale Memorial utafute sweta nzito yenye lebo inayosema sufu tupu, uifumue. Usiangalie rangi kwanza. Geuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Ikiwa ukingo umekatwa na kuzungushiwa uzi wa overloki, iache, maana kila mstari umekatwa ubavuni na utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono mmoja tu. Unayoitaka ni ile ambayo kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kingo zake ni nzima. Hiyo inafumuka kwa uzi mmoja mrefu hadi mwisho. Uzi utakaoupata utakuwa umejikunjakunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali panne kwa kamba isiyokaza, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha uuning'inize na kitu kizito kidogo chini yake hadi ukauke. Ukiufuma kabla ya hapo, kipimo chako cha vitanzi kitakudanganya.

Bibi wa Marangu

Wanangu, nimesoma yote, na nakubaliana na mengi, isipokuwa hilo la mkasi. Miaka yote niliyofuma sijawahi kukata nilichokifuma, na kwa mwanagenzi anayefuma kitu chake cha kwanza chenye rangi, tena kwa uzi wa plastiki, sioni sababu ya kumpa presha hiyo. Afume kwa kwenda na kurudi. Mkono utazoea.

Mwanangu wa Moshi, mimi nataka kukuuliza jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Huyo mama anasuka nywele? Karatasi yako iliandikwa kwa ajili ya vichwa vyenye nywele laini zilizolala. Mtu mwenye mabutu au aliyesuka rasta zilizofungwa kisogoni anahitaji kina zaidi kuliko hicho kilichoandikwa. Chukua utepe wa kupimia, upime mara mbili: kwanza kutoka chini ya shavu kupita utosini hadi shavu la pili, kisha kutoka kwenye paji la uso hadi nyuma kabisa ya kisogo, nywele zikiwa zimefungwa kama anavyozifunga siku ya Jumapili. Kipimo hicho cha pili ndicho kitakachokuambia ufume mistari mingapi. Kwa mwanangu wa pili nilifuata karatasi kama ilivyo, na hudi ikawa inarudi nyuma na kumwacha paji wazi, tukaishia kumvika mdoli.

La pili ni hizo nyuzi zinazopita nyuma. Fundi na mwenzake wa Arusha wamezieleza vizuri, lakini mvaaji ndiye anayeishi nazo. Hereni zinanasa humo, na vidole vinanasa wakati wa kuvaa. Sufu nayo hukausha na kukatakata nywele zetu. Kwa hiyo weka bitana. Kata kipande cha satini kwa umbo la hudi kabla hujaishona kisogo, ukiache kiwe kipana kidogo kuliko kazi ya kufuma, kwa kuwa satini hainyumbuki, kisha ukishone kwa mkono pembeni tu, nyuma ya ukingo, kwa mshono uliolegea. Satini itaficha pia makosa yote ya upande wa ndani, nalo si jambo dogo.

La tatu ni ushauri tu, unaweza kuukataa. Angalia kanga: ina pindo na ina mji, na pindo ndilo linalobeba nakshi iliyobana. Hudi yako inaweza kufuata mpango huohuo. Badala ya mikanda mitatu, weka mmoja mpana karibu na uso, ambapo watu watauona, na sehemu yote ya nyuma iwe ya rangi moja. Utafuma haraka, kofia itakuwa nyepesi, na kisogo kitanyumbuka vizuri kufuata nywele, kwa sababu sehemu ya rangi moja hunyumbuka kuliko ya nakshi.

Mwanagenzi wa Sindano (Moshi)

Shikamoo bibi. Ndiyo, mama anasuka, na sikuwa nimefikiria kabisa. Nimempima jana kwa kisingizio kwamba ninampimia kitambaa: sentimita 47 kutoka shavu hadi shavu, na sentimita 23 kutoka paji hadi kisogo, wakati karatasi inasema kina cha inchi 7 na nusu, ambazo nadhani ni sentimita 19.

Nimechoma uzi kama fundi alivyoelekeza, ukayeyuka na kuacha tone gumu. Basi mkasi nimeuweka kando. Nimefuma vipande vya majaribio: sindano ya milimita 3.25 imenipa vitanzi 28 katika rangi moja, na ya milimita 3.75 imenipa vitanzi 29 katika nakshi. Nimechagua mpango wa bibi wa pindo moja, wenye ua la vitanzi 14. Je, nibaki na vitanzi 126, au niongeze kwa sababu ya kipimo cha mama? Tena sipendi ile ncha ya kisogoni. Mama atasema nimemvika kofia ya kibwengo.

Kabati la Zamani (Arusha)

Hongera, hicho kitanzi kimoja kilichobaki kisikukoseshe usingizi. Vitanzi 126 kwa mkono wako wa sasa vitatoa takriban sentimita 43 na nusu kwenye nakshi, na kitambaa kilichofumwa kinatakiwa kuwa kidogo kuliko kichwa ili kishike. Baki hapo. Tena 126 ni mara tisa ya 14, na tisa ni namba witiri, kwa hiyo ua la tano litakaa utosini kabisa na mengine manne yatashuka kila upande. Ongeza kitanzi kimoja kiwe 127, ili ua la mwisho upande wa kushoto lifungwe kwa kitanzi kilekile ambacho la kwanza upande wa kulia limeanzia. Bila hicho, mashavu mawili hayatafanana. Kabla hujaanza, panga rangi zako mezani na uzipige picha ya rangi nyeusi na nyeupe kwa simu. Rangi mbili zinazotokea kijivu kilekile katika picha hazitaonyesha ua lolote, hata kama moja ni nyekundu na nyingine ni kijani.

Ncha hutokea kwa sababu mstatili unakunjwa mara mbili na kushonwa moja kwa moja. Ili kuiondoa, fuma hadi kina cha sentimita 15 au 16, kisha gawa vitanzi katika mafungu matatu: 42, 43 na 42. Endelea kufuma fungu la katikati peke yake, na kila unapofika mwisho wake, fuma kitanzi chake cha mwisho pamoja na kimoja cha fungu la pembeni, kisha geuza. Ndivyo inavyogeuzwa kisigino cha soksi. Fungu la katikati litashuka kisogoni huku likiyameza yale ya pembeni, na vitanzi vya pembeni vikiisha, hudi itakuwa na umbo la kichwa bila mshono wowote. Katika kila mistari miwili unameza kitanzi kimoja kila upande, kwa hiyo ni mistari 84. Pima kwanza mistari yako ili ujue fungu hilo litashuka sentimita ngapi, na kama ni ndefu mno kwa shingo ya mama, meza viwili kwa mpigo katika baadhi ya mistari.

Bibi wa Marangu

Marahaba mwanangu. Kwa shingo, okota vitanzi kwenye ukingo wote wa chini, ufume mkanda wa sentimita tatu kwa sindano nyembamba, kitanzi kimoja cha kawaida na kimoja cha kinyume. Kamba isokote kwa nyuzi sita zenye urefu mara tatu ya kamba unayoitaka. Funga ncha moja kwenye kitasa cha mlango, sokota hadi ianze kujikunja yenyewe, kisha ikunje katikati uiachie ijisokote. Weka ile njano yako humo.